Shajara ya jedwali la mirathi: mafungu kuwa asilimia

Jumamosi

Kazi imeanza. Darasa la faraidhi, elimu ya kugawa mirathi, la baada ya Isha limefika mahali pa hesabu, na Ustadh kaniomba vitu viwili: kadi za kubandika ukutani zenye fungu upande mmoja na asilimia upande wa pili, na jedwali la Excel la kuhakikishia majibu. Mimi nafundisha hisabati sekondari. Fiqhi ni yake, hesabu ni yangu, na mpaka huo tumekubaliana usivukwe.

Kwa nini asilimia? Ustadh amekaa vikao vya mirathi vya kutosha kulijua jibu. Ukimwambia mrithi fungu lake ni sudusi, anaitikia kwa adabu tu. Ukimwambia ni asilimia kumi na sita na ushei, anaanza kuuliza. Na Ustadh anataka watu waulize pale pale barazani, si miezi baadaye mbele ya kadhi.

Mafungu yaliyotajwa katika Qur'ani ni sita, yote yamo Surat An-Nisaa, aya ya 11, 12 na 176. Kadi sita za mwanzo basi ni hizi:

nusu, 1/2: 50%
robo, 1/4: 25%
thumuni, 1/8: 12½%
theluthi mbili, 2/3: 66⅔%
theluthi, 1/3: 33⅓%
sudusi, 1/6: 16⅔%

Njia ni moja kwa zote: kiasi (namba ya juu) mara 100, gawanya kwa asili (namba ya chini). Thumuni ni 100 ÷ 8, inaingia mara 12, baki 4. Nne juu ya nane ni nusu. Jibu 12½%. Sudusi ni 100 ÷ 6, mara 16, baki 4. Nne juu ya sita ni theluthi mbili. Jibu 16⅔%.

Uamuzi wa kwanza wa mradi ndio huo, na nauandika hapa ili nisishawishiwe baadaye: baki halipelekwi kwenye desimali. Linakaa juu ya kigawanyo chake, linarahisishwa, basi. Vijana wa darasani walio na simu wamekwisha niambia hizo ni hesabu za kizee. Tutaona.

Jumapili

Kabla ya kuzigusa sudusi nimewapa darasa kitu wanachokijua tangu utotoni, zaka. Zaka ya fedha ni robo ya ushuri. Ushuri ni 1/10, yaani 10%. Robo yake ni 1/40. 100 ÷ 40, mara 2, baki 20, nusu: 2½%. Wengi walikuwa wakiijua mbili na nusu kwa kukariri, na wakiijua 1/40 kwa kukariri, bila kuzikutanisha. Mazao yanayopata maji ya mvua ni ushuri kamili, 10%. Yanayomwagiliwa kwa gharama ni nusu ya ushuri, 1/20, 5%. Nusu saa imetosha.

Swali zuri kutoka kwa kijana anayesoma kidato cha tatu: mbona nusu, robo na thumuni zinatoka safi kwenye kikokotoo, lakini theluthi na sudusi hazikomi? Kwa sababu 100 ni 2 × 2 × 5 × 5. Asili ikiwa imejengwa kwa 2 na 5 tu, desimali yake itafika mwisho, hata ikihitaji tarakimu kadhaa. Ikiwa na 3 ndani yake, na haikukatwa na kiasi, haitakoma hata ukiandika mpaka alfajiri. Katika kadi zetu sita, tatu zinakoma na tatu hazikomi. Kwa hiyo matatizo ya desimali katika mirathi ni ya kila siku.

Jumatano

Leo nimejaribu desimali kwa makusudi, nione hasara yake ni kiasi gani, kwa sababu vijana hawakuacha kunisumbua.

Mfano wa darasani: mali ni shilingi 90,000,000 baada ya kutoa gharama za mazishi, madeni na wasia. Sudusi yake ni 15,000,000, hakuna senti inayoning'inia. Sasa mkadirie mwenye sudusi hiyo kwa asilimia:

kwa 16.67% anapata 15,003,000
kwa 16.7% anapata 15,030,000
kwa 17% anapata 15,300,000

Kila ukifuta tarakimu moja, ziada inazidishwa kwa kumi: elfu tatu, elfu thelathini, laki tatu. Laki tatu si makadirio tena.

Halafu nikaweka kesi kamili. Marehemu kaacha mke, baba, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke ana thumuni kwa kuwa kuna mtoto, baba sudusi, mama sudusi, na kijana ni asaba, anachukua kinachobaki. Asili ya mas'ala, yaani asili moja inayoyatosha mafungu yote, ni 24: mke 3, baba 4, mama 4, kijana 13. Kwa desimali mbili:

mke 12.50
baba 16.67
mama 16.67
kijana 54.17

Jumla 100.01. Kwenye milioni tisini, hiyo ni 90,009,000, yaani shilingi elfu tisa ambazo marehemu hakuziacha. Mzee mmoja anayekaa karibu na mlango aliuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mwalimu, hiyo iliyozidi mia tunamdai nani?" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikaona nimepata msaidizi.

Kijana wa simu hakukubali kushindwa. Akasema tukate tu bila kukadiria juu: 12.50, 16.66, 16.66, 54.16. Jumla 99.98. Zilizopungua ni mbili za mwisho, basi wapewe wale wenye mabaki makubwa zaidi. Ni njia inayotumika kweli duniani, hata kugawa viti vya bunge katika nchi zinazogawa kwa uwiano wa kura. Lakini angalia mabaki yenyewe: baba kakatwa 0.00666, mama kakatwa 0.00666, kijana kakatwa 0.00666. Wadai watatu sawasawa, vya kugawa viwili. Hapo hata mashine inabidi ipige kura.

Kwa sehemu sasa. Mke 12½, baba 16⅔, mama 16⅔, kijana 1300 ÷ 24, mara 54, baki 4, nne juu ya ishirini na nne ni sudusi: 54⅙. Namba nzima: 12 + 16 + 16 + 54 ni 98. Vipande: ½ + ⅔ + ⅔ + ⅙ ni 2. Jumla 100 barabara, hakuna wa kudaiwa.

Nimekubaliana na Ustadh: safu ya asilimia kwenye jedwali itaandikwa kwa namba mchanganyiko. Desimali itakuwepo pembeni kwa wino mwepesi, ya kutazamwa tu. Fedha zitagawanywa kutoka kwenye sehemu, kamwe si kutoka kwenye asilimia iliyokwisha kadiriwa.

Ijumaa

Hakuna darasa. Siku ya Excel.

Programu hii ina tabia zake na lazima mtu azijue kabla ya kuitumia kwa sehemu. Ukiandika 1/8 kwenye kisanduku kitupu inadhani ni tarehe, na inakuandikia siku ya mwezi. Andika 0, acha nafasi, kisha 1/8, nayo itaelewa. Namba mchanganyiko haina shida hiyo: 1, nafasi, 1/8 inaingia kama 1.125 moja kwa moja. Tabia ya pili: ukiandika 12.5 kwanza halafu ukabadilisha kisanduku kuwa cha asilimia, inakutolea 1250%, kwa sababu kwake namba 1 ndiyo 100%. Weka asilimia kwanza, kisha andika. Tabia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi yetu: ukiiomba ionyeshe sehemu ya tarakimu moja, itakuonyesha sehemu iliyo karibu badala ya yenyewe, wala haitakwambia.

Excel haina namna yake ya kuandika 54⅙% kama tunavyoiandika sisi, kwa hiyo nimeijenga kwa vipande. QUOTIENT inanipa namba nzima ya kiasi mara 100 kwa asili. MOD inanipa baki. GCD inanipa kigawo kikubwa cha shirika cha baki na asili, cha kurahisishia. Kwa 13/24: 54, halafu 4, halafu 4, baki 4 ÷ 4 ni 1, asili 24 ÷ 4 ni 6. Visanduku vitatu vinaungana kuwa maandishi "54 1/6%". Fomula hiyo hiyo inakubali kiasi kinachozidi asili, na hilo litahitajika kesho.

Nimeongeza kisanduku kimoja juu ya jedwali, kikubwa, chenye jumla ya mafungu yote. Ikiwa 100%, kijani. Pungufu, njano. Zaidi, nyekundu.

Jumamosi, usiku

Leo tumefika kwenye aul, pale mafungu yanapozidi mali yenyewe, na leo ndipo namba mchanganyiko ilipoingia kwa mlango wa mbele.

Mas'ala aliyoyaweka Ustadh ubaoni: mume na dada wawili wa baba na mama. Mume nusu, dada wawili theluthi mbili. 3/6 na 4/6 ni 7/6, yaani 1⅙. Kisanduku changu kikawa chekundu.

Nikawauliza: 1⅙ ni asilimia ngapi? Majibu mawili yakaja kwa pamoja, na yote mawili nimeyazoea kutoka shuleni. Moja, 16⅔%: mtu kageuza kipande, namba nzima kaiacha nje. La pili, 1.17%: mtu kaitazama desimali ya 1⅙ akaibandika alama ya asilimia kama stempu. Njia salama ni kuanza na namba nzima: kila moja nzima ni mia nzima. Moja ni 100%, sudusi ni 16⅔%, jumla 116⅔%. Asiyependa njia hiyo ageuze kuwa sehemu guni, 7/6, kisha 700 ÷ 6, mara 116, baki 4. Ni lile lile.

Mama mmoja wa safu ya nyuma, ambaye huwa hasemi, akanyanyua mkono. "Mwalimu, samahani. Mali ni mia. Hiyo kumi na sita ya juu itatoka wapi?"

"Haitoki popote, mama. Ndiyo tatizo lenyewe."

Ustadh akaichukua hapo. Inasimuliwa kwamba mas'ala ya namna hii yalimfikia Sayyidna Umar katika ukhalifa wake, akashauriana na masahaba, na hoja iliyotolewa ilikuwa ya deni: mtu kafa kaacha dirhamu sita, huyu anamdai tatu na yule anamdai nne; je, hamzigawi zile sita kwa mafungu saba? Mume akapata 3 kati ya 7, dada 4 kati ya 7. Asili imepanda kutoka 6 kwenda 7, kila fungu limepungua kwa uwiano wake. Ibn Abbas baadaye hakuafiki, na Mashia Ithnaasheri hawaikubali aul mpaka leo; wao upungufu wanauweka kwa mabinti na madada. Jedwali langu linafuata kauli inayofundishwa hapa, na nimeandika hivyo juu yake, ili asije mtu kuibeba kwa wasiohusika.

Kisha yakaja mas'ala ya mimbari, ambayo mimi nayaona ni mazuri kuliko yote kwa mwalimu wa asilimia. Mke, mabinti wawili, baba, mama. Mke thumuni, mabinti theluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Kwa asili ya 24: 3, 16, 4, 4. Jumla 27. Hiyo ni 1⅛, yaani 112½%.

Nikawauliza darasa: mali imezidiwa kwa 12½%, tufanyeje? Wengi, na kijana wa simu mbele yao, wakasema kila mtu apunguziwe 12½% ya fungu lake. Inasikika sawa. Tukafanya: 112½ ukiitoa thumuni yake inabaki saba ya nane yake, 98 7/16. Mali imebaki mkononi, 1 9/16% haina mwenyewe. Kimya kidogo.

Jambo lenyewe ni hili. Kilichozidi ni thumuni ya mia. Lakini unapokata, hukati kwenye mia, unakata kwenye 112½, na humo ile 12½ si thumuni tena, ni moja ya tisa. Tisa ni thumuni nane za mali na ile moja ya ziada. Kwa hiyo kila mrithi anaacha tusui ya fungu lake, anabaki na nane ya tisa. Mke aliyekuwa na 12½% anabaki na 11 1/9%. Na ndiyo hasa inavyosimuliwa kutoka kwa Imam Ali, aliulizwa akiwa juu ya mimbari na akajibu papo hapo bila kukatisha hotuba: thumuni yake imekuwa tusui.

Mabinti sasa: 1600 ÷ 27, mara 59, baki 7: 59 7/27%. Baba 400 ÷ 27, mara 14, baki 22: 14 22/27%. Mama vivyo hivyo. Mke 11 3/27%. Namba nzima 98, vipande 54 juu ya 27, yaani 2. Mia. Kijana wa simu alijaribu kwa desimali na yake ikafika 99.99. Hakusema kitu, lakini nilimwona akiandika baki juu ya kigawanyo kwenye daftari lake.

Jumla zote zinazoweza kutokea kwenye aul zinajulikana, ni nane tu, kwa hiyo nimezitengenezea kadi. Asili ya 6 hupanda hadi 7, 8, 9 au 10: 1⅙ ni 116⅔%, 1⅓ ni 133⅓%, 1½ ni 150%, 1⅔ ni 166⅔%. Asili ya 12 hupanda hadi 13, 15 au 17: 1 1/12 ni 108⅓%, 1¼ ni 125%, 1 5/12 ni 141⅔%. Asili ya 24 hupanda hadi 27 pekee, 112½%. Faida yake ni ya ukaguzi: kisanduku chekundu kikionyesha namba isiyokuwemo humu, 120% kwa mfano, hiyo si aul. Kuna mtu kahesabiwa asiyerithi, au kapewa fungu lisilo lake, na kazi inarudi kwa Ustadh kabla haijafika kwangu.

Jumatatu

Rudi, yaani mafungu yanapopungua na kilichobaki kinarudishwa kwa warithi, haikuchukua muda. Mama na binti mmoja, hakuna mwingine wa kurithi: sudusi na nusu, 4/6, 66⅔%. Kisanduku njano, 33⅓% haina mwenyewe. Inarudishwa kwao kwa uwiano wa 1 kwa 3, mama 25%, binti 75%. Darasa lilitaka kumrudishia kila mmoja nusu ya iliyobaki, sudusi na sudusi. Tumelipitia mara moja wakaona kwamba hapo mama angekuwa na 33⅓% na binti 66⅔%, na uwiano wao ungekuwa umeharibika.

Ustadh kauliza kwa nini elimu hii imeambatana na hesabu kiasi hiki. Nikamkumbusha al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9: karibu nusu ya kitabu chake cha aljebra ni mas'ala ya wasia na mirathi. Akafurahi kuliko nilivyotarajia, akaniagiza niandike kadi ya hilo pia. Sijui itabandikwa wapi, ukuta umejaa.

Alhamisi

Kadi zimechapwa na kuwekwa plastiki. Mpangilio: juu jina la fungu, katikati sehemu kwa maandishi makubwa, nyuma asilimia kwa namba mchanganyiko, na chini yake mstari mmoja wa mgawanyo wenye baki lake, ili anayegeuza kadi aone jibu limetoka wapi. Za aul ni nyekundu. Mzee wa karibu na mlango kaomba seti ya nyumbani.

Jedwali limejaribiwa kwa mas'ala yote ya daftari la Ustadh. Jumla kabla ya aul na rudi zinaonekana juu, jumla baada yake chini, na ya chini haijawahi kutoka nje ya mia. Nimefunga visanduku vya fomula kwa nenosiri, kwa sababu namfahamu kijana wangu.

Kilichobaki ni munasakha: mrithi anakufa kabla mali haijagawanywa, na fungu lake linagawiwa warithi wake. Hili huku kwetu ni la kawaida sana, mashamba yanakaa vizazi viwili bila kuguswa. Hesabu yake ni sehemu ya sehemu. Mwenye thumuni kafa, mama yake anapata sudusi ya thumuni hiyo: 1/48, 100 ÷ 48, mara 2, baki 4, 2 1/12%. Mtu mmoja ni rahisi. Lakini Ustadh kanipa karatasi ya shamba la mikarafuu lenye vifo vitatu vilivyofuatana, mmoja wao mwenye wake wawili, na asili inafika mamia. Baki juu ya kigawanyo litakuwa refu na baya kutazama. Wiki ijayo naongeza ukurasa wa pili wenye safu moja kwa kila kifo, na kisanduku cha jumla kwa kila safu, ili tujue nyekundu imeanzia kwa marehemu yupi.